Majina Arobaini

Niliambiwa, "Andika arobaini."
Ilikuwa Jumanne, mvua ya Bukavu ikizunguka juu ya mabati
kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba yake.
Katibu wa ligi alishika barua ya Kinshasa kwa ncha za vidole,
kama unavyoshika samaki aliyelala:
pesa zitashuka, barua ilisema,
kwa mkoa wenye wasichana uwanjani, kuanzia ngazi ya chini.
Ngazi ya chini! Akacheka. Mji wote huu ni ngazi,
nani anajua ya chini ni ipi?

"Kwani tuna wasichana?" akauliza mtunza hazina.
Wakatazamana. Saa ya ukutani ilikufa tangu Pasaka.
"Andika tu, mama Cibalonza. Majina.
Nani atapanda mlima kuja kuyahesabu?"

Mimi ni mpiga chapa. Miaka kumi na tisa
nimeandika mihtasari ya vikao visivyoketi,
nauli za safari zisizokuwa na msafiri,
bei za viatu ambavyo havijaona mguu.
Uzito wa uongo naujua: ni uzito wa karatasi.
Nikaweka vidole kwenye mashine.
Vikagoma.

Si kwa uadilifu, nisijisifu.
Ni uvivu. Kubuni watu arobaini ni kazi,
na wa kweli walikuwa wamejaa njiani.
Nikaandika Nsimire, na kamba yake kipajini,
anayepandisha magunia ya unga kutoka bandarini.
Nikaandika Mugoli wa muuza makayabo,
apigaye ndimu kwa kisigino, ikaingia kwenye ndoo.
Nikaandika Ntakwinja, ambaye kaka zake humweka golini
kwa sababu golini ndipo panapouma.
Kwenye jina la thelathini na tisa umeme ukakatika.
Mashine yangu haidai umeme.
La arobaini nililiandika kwa kupapasa:
la binti yangu.

Pesa zilishuka. Hazikukaa.
Uzio wa mtunza hazina ukapata rangi ya maziwa.

Kisha barua nyingine: mkaguzi anakuja,
mwanamke, na amesema atavaa buti.
Ofisi ikanuka jasho. "Tukodishe wanafunzi!"
"Ya nini?" nikasema. "Anwani ninazo."

Nikapanda Bagira, nikashuka Kadutu,
magoti yangu yakinilaani kwa lugha mbili.
"Uko kwenye ligi," nikamwambia Nsimire, "tangu Machi."
Hakutua gunia. Aligeuza macho tu.
"Na tunacheza namna gani?"
"Sijui. Vibaya, nadhani."
Ndipo akatua.

Uwanja wa Bagira umeinama;
anayecheza upande wa juu amekwisha kupendelewa,
na mpira ukitoroka unaelekea ziwani,
kwa hiyo mtoto mmoja huwekwa bondeni kuudaka.
Mkaguzi alisoma orodha yangu kwa sauti.
"Niko." "Niko." Mmoja ananyonyesha: "Niko."
Wengine pekupeku, wengine kwa viatu vya kaka,
arobaini, hata binti yangu, aliyenikasirikia wiki nzima.
Walicheza vibaya, kama nilivyoahidi.
Mugoli alifunga kwa kisigino.

Rais wa ligi akaweka mkono kifuani.
"Sisi," akasema, "tumewaamini wanawake tangu zamani."
Redio ikanasa. Neno likatoka, mlango ukafungwa nyuma yake:
hakuweza tena kulirudisha nyumbani.
Sasa kuna Jumamosi yao, mipira miwili,
na mstari kwenye bajeti usiofutika kwa urahisi.
Wataandika kwamba yalikuwa maono.
Nitapiga chapa mimi.

Lakini leo asubuhi nimesikia nyayo ngazini,
nyayo za watu waliozoea mizigo.
Nsimire mbele, karatasi mkononi, nakala ya orodha
(usiniulize aliipata wapi).
"Tunamtafuta mtunza hazina," akasema.
"Mimi ndiye namba ya kwanza.
Nimekuja kuuliza ya Machi."

Nikawasogezea benchi.
Halikuwatosha.